Nilimnywesha Mume Wangu Soda ya Sukari, Lawama Akabeba Wifi

Mpendwa Mama Eustadia,

Nakuomba unisaidie kabla sijapasuka, maana haya ninayokuandikia sijamwambia mama yangu mzazi wala shoga yangu yeyote, na nikizidi kuyameza ipo siku nitayatapika mbele ya watu wasiohusika. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Mtendeni hapa Tabora, mume wangu ni fundi cherehani, nimwite Shomari, tuna watoto wanne, na kwa haki ya Mungu ni mtu mwema, hanipigi, hanitukani, kosa lake ni moja tu, hasikii. Ukimwambia jambo anaitikia "naam, naam" huku mguu unakanyaga cherehani, na lile neno limeshapita zake.

Mwaka jana baada ya Idi alianza kunywa maji mtungi mzima kwa siku na kwenda haja ndogo kila mara, wateja wanamngoja barazani na yeye yuko uani, nikamvuta mpaka hospitali, daktari akachukua mkojo wake akauchemsha kwenye kichupa na dawa ya buluu, ikageuka rangi ya tofali la kuchoma. Akampandisha kwenye mizani, kilo mia na sita. Akamwambia mbele yangu, "Ndugu, una ugonjwa wa sukari. Acha sukari, punguza mwili, tembea kwa miguu, na vidonge hivi usivikose." Shomari akaitikia, "Naam, naam."

Wiki ya kwanza alikunywa chai kavu, anakunja uso kama anakunywa mwarobaini. Wiki ya pili akaja wifi yangu Mwanamkuu, dada yake mdogo wa tumbo moja, yeye husafiri kwa treni kwenda Kigoma kuleta mawese na dagaa, akatuletea kreti la soda nyeusi iliyotoka ng'ambo ya ziwa, imetiwa utamu wa kutengenezwa, sukari hamna. Akasema, "Kaka, hii ndiyo wanayokunywa wagonjwa wenzako huko nje. Ukitamani kitu kitamu, kunywa hii badala ya chai ya sukari." Mama Eustadia, nilikuwepo, alisema "badala ya", mimi niliyasikia kwa masikio yangu, lakini mume wangu alisikia alichotaka, na haikupita siku tatu namsikia anamwambia mteja, "Hii soda inayeyusha mafuta, bwana. Ukiinywa unasikia kabisa yanavyokatika."

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mtu aliyekuwa anaogopa chakula sasa haogopi kitu, anakula ugali mlima mzima, nyama ya mafuta, wali wa nazi, halafu anateremshia na soda, anacheua, anajipigapiga tumbo, "Imeshakata hiyo." Ana rafiki yake Limbu, mrina asali wa upande wa Sikonge, kila mwezi anamletea asali ya msituni, basi anachovya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ndani ya asali, nikimwuliza anasema, "Asali si sukari, asali ni dawa, imetajwa kwenye Kitabu." Nikimwambia, Baba Mussa, daktari alisema utembee, ananijibu, "Nitembee niende wapi? Sare za shule atashona nani?" Msikiti uko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu na yeye anapanda baiskeli. Vidonge anakunywa siku anayokumbuka, na hakumbuki, kwa sababu soda ipo.

Baada ya miezi miwili nilimwomba jirani yetu Silasi, dereva wa ushirika, atupeleke ghalani akapimwe kwenye mizani ya marobota ya tumbaku. Kilo mia na kumi. Badala ya kushtuka akasema, "Mizani ya tumbaku hiyo, itamjulia wapi binadamu?" Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu nikaona kumbe nalia kweli.

Sasa naja kwenye dhambi yangu. Mwanamkuu, aliyekuwa akituletea kreti jipya kila safari, alichelewa Kigoma, kulikuwa na msiba, kreti likaisha. Shomari akagoma kula. "Bila soda yangu chakula hiki kitanidhuru," ananiambia, na chakula chenyewe ni sinia la pilau! Nilipandwa na hasira, nikaenda duka la jirani nikanunua soda nyeusi ya kawaida, hii ya sukari tunayoijua sote, nikaifungulia jikoni, nikamimina kwenye bilauri yake, nikampelekea. Nilitaka aimalize ndipo nimwambie, umeona, hata kutofautisha huwezi, iko wapi hiyo dawa yako. Akainywa yote, akalamba midomo, akasema mbele ya wateja wawili, "Unaona? Hii ndiyo yenyewe. Hapa mafuta yanalia."

Sikuweza kumwaibisha mbele ya watu. Jioni nikasema nitamwambia, akaomba nyingine, nikampa. Kesho yake nikampa tena. Mungu anisamehe, Mama Eustadia, siku ya tatu nilianza kufurahia, maana miaka kumi na sita ya ndoa sijawahi kuwa na neno ambalo mimi nalijua na yeye halijui, nikawa namwangalia anavyoisifu nacheka moyoni. Siku kumi na moja, bilauri mbili kwa siku, siku nyingine tatu.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa uani nafua, nikasikia cherehani imenyamaza. Nikajua si kawaida. Nikamkuta ameegemea mashine, ulimi mkavu kama gamba, pumzi inanuka kama tunda lililooza, ananiita kwa jina la mama yake. Silasi alileta gari tukambeba. Hospitali wakamtundikia maji, muuguzi akamvua viatu, akakuta chini ya mguu kuna kidonda, sindano ilimchoma wiki tatu nyuma, mwenyewe amekifunga kitambaa cha kaki na kunyamaza, mimi mkewe sijui. Daktari akaniuliza, "Anakula nini? Anakunywa nini? Vidonge je?" Nikajibu, "Anakunywa vidonge vyote, daktari, sukari hagusi, soda yake ni ile isiyo na sukari." Yule daktari akatikisa kichwa, akaandika, akasema kama amefuata masharti yote hayo na sukari imepanda namna hii, basi dawa ni ndogo, akaongeza vidonge mara mbili.

Alilazwa siku tisa. Mama mkwe wangu, Bi Mwanne, alipouliza mwanawe kapatwa na nini, wakwe wenzangu, wake wa ndugu zake Shomari, wakasema ni soda ya Mwanamkuu. Naye Mwanamkuu maskini akashuka kwenye treni siku ile kaka yake aliporudi nyumbani, amejitwisha kreti jipya, anacheka, hata hajakaa, Bi Mwanne akamwambia, "Umeleta sumu nyingine ummalize?"

"Sumu gani, mama?"

Shomari mwenyewe kutoka kitandani akasema, "Dada, nusura uniue."

Bi Mwanne akalitoa kreti nje akazivunja chupa zote kizingitini, mtaa mzima umesimama kuangalia. Mwanamkuu akanigeukia mimi. "Wifi, wewe ndiye unayemwandalia. Sema basi. Nilimpa nini kibaya?"

Nikasema, "Mimi mambo ya soda siyajui."

Alinitazama, hakulia, akajifunga kanga yake vizuri akatoka. Sasa amepanga chumba mtaa wa Cheyo, hakanyagi kwetu, na wateja wake wa dagaa hapa mtaani hawamwiti tena, wanasema anauza vitu vya sumu.

Na mambo hayajaisha. Tangu Shomari arudi amekuwa na hofu, anakula kijiko kijiko, vidonge namsimamia mimi mwenyewe anavimeza vyote, asali nimeifungia sandukuni, lakini kila siku kabla ya adhuhuri anatokwa na jasho la baridi, mikono inatetemeka hata uzi haupiti kwenye tundu la sindano, juzi alimfokea mteja maneno ya ovyo halafu akasema hakumbuki. Bi Mwanne anasema ni mabaki ya ile sumu, yanatoka na jasho, tumwache yatoke.

Naomba unijibu gazetini. Hiyo soda isiyo na sukari inapunguza mwili au inanenepesha, na je, inaua? Na mimi niseme au ninyamaze? Shomari akijua ataniacha, na Bi Mwanne atashangilia. Nimewaza nimnunulie Mwanamkuu doti ya kanga nzuri yaishe kimya kimya. Majina yabadilishe.

Mke wa Fundi,
Mtendeni, Tabora.

MAMA EUSTADIA ANAJIBU

Mwanangu, majina nimeyabadilisha, lakini zamu ya barua yako kuchapwa gazetini sikuingoja. Nilipofika kwenye lile jasho niliacha chai yangu mezani nikaenda na barua yako kwa daktari ninayemfahamu, naye hakuimaliza kuisoma. Alisema, "Mama, huyu mtu sukari yake inashuka. Ataanguka." Nikatoka pale moja kwa moja hadi posta, nikakutumia simu ya maandishi kwa anuani iliyokuwa nyuma ya bahasha: NENDA HOSPITALI LEO. MWAMBIE DAKTARI KWELI YOTE. AKITETEMEKA MPE SUKARI. Natumaini ulipoipata ulikuwa umeshavaa viatu.

Sasa nikueleze, na wengine mnaosoma msikilize, maana najua hayuko Shomari mmoja katika nchi hii.

Daktari wa hospitalini alikuuliza maswali matatu, ukampa majibu matatu ya uongo. Vidonge alikuwa havinywi, ukasema anavinywa. Sukari alikuwa anainywa kwa mkono wako, ukasema haigusi. Asali hukuitaja kabisa. Daktari si mganga wa ramli, anatibu anachoambiwa. Akapima dawa ya mtu anayefuata masharti, ukaenda kuimimina yote ndani ya mtu ambaye sasa anakula kijiko kijiko. Sukari iliyokuwa juu ya paa imeporomoka chini ya sakafu. Lile si jasho la sumu, na anayesema liachwe litoke anamchimbia mwanawe kaburi huku anamwombea dua. Akianza kutetemeka, na bado ana fahamu za kumeza, mpe sukari au hiyo asali uliyoifungia, vijiko viwili vitatu, hapohapo, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Na vidonge usivipunguze wala kuvikatiza kwa akili yako. Akili yako imeshatufikisha hapa. Ni daktari atakayevipanga upya.

Umeuliza kuhusu soda. Soda isiyo na sukari haina mkono wa kuingia tumboni ikachota mafuta ikayatupa nje. Haiyeyushi kitu. Faida yake ni ndogo na iko wazi: ile sukari ambayo ungeinywa kwenye soda ya kawaida, hukuinywa. Basi. Mtu akiacha chupa tatu za soda ya sukari akanywa hizi, na chakula chake akakiacha palepale, huenda akapungua kidogo. Lakini akijiambia kwamba kwa kuwa nimenywa hii naruhusiwa sinia la pilau, atanenepa kama mumeo, na hapo kilichomnenepesha ni pilau, pamoja na ule ujinga wa kudhani ameshalipia. Na ulimi uliozoea kuoshwa kwa utamu kila saa hauachi kuutaka. Ndiyo maana akishusha bilauri anatafuta matobolwa.

Je, inaua? Mumeo haikumwua. Wataalamu wenyewe wanabishana juu ya huo utamu wa kutengenezwa. Wengine wamewalisha panya kwa wingi wakaona maradhi, wengine wanasema binadamu hanywi kiasi kile. Mimi si mtaalamu, siwezi kuwaamulia ugomvi wao. Daktari wangu alisema hivi: mgonjwa wa sukari akinywa chupa moja siku ya sherehe badala ya ile ya sukari, amefanya vizuri. Akiifanya ndiyo maji yake ya kunywa, hajafanya vizuri. Maji yapo kwenye mtungi, na hayahitaji kusafiri kwa treni. Wifi yako, ambaye hakusomea udaktari, alisema maneno hayohayo: badala ya. Katika nyumba yenu nzima ndiye pekee aliyesema jambo la maana, na ndiye mliyemfukuza.

Na asali ni sukari. Iwe dawa ya kikohozi, iwe imetajwa popote, ikifika kwenye damu ya mgonjwa wa sukari ni sukari. Nyuki hakuapa kumlinda fundi Shomari.

Sasa nije kwako. Ninakuonea huruma, usidhani sina. Kumwandalia, kumpima, kumbembeleza mtu mzima aishi, naye anakuitikia naam, naam, ni kazi inayoweza kumtoa mtu roho. Na soda ile peke yake haikumwangusha. Kulikuwa na kidonda kilichofichwa mguuni, vidonge visivyonywewa, asali na ule mlima wa ugali. Daktari anasema kidonda kama kile peke yake kinaweza kupandisha sukari vibaya. Kwa hiyo usijibebeshe mauaji ambayo hayakutokea. Lakini usijifute pia. Bilauri ya kwanza ilikuwa hasira, hata mimi ningeweza kuimimina. Za baadaye zilikuwa raha yako. Ulimnywesha mgonjwa sukari siku kumi na moja kwa sababu ilikufurahisha kumwona mjinga. Hilo liite kwa jina lake, kisha tuendelee.

Mbaya kuliko bilauri zote ni yale maneno matano uliyomjibu wifi yako mlangoni. Alikuomba ushahidi akiwa amesimama juu ya vigae, na wewe pekee ulikuwa nao. Unasema umewaza kumnunulia doti ya kanga! Mwanangu, utamfunika nini nayo? Umemvunjia heshima hadharani, unataka kumlipa sirini? Kanga ataivaa apite nayo mtaani, watu waseme, tazama muuza sumu kapendeza.

Fanya hivi. Kwanza hospitali, na mumeo aende nawe, daktari asikie kila kitu, pamoja na Limbu na asali yake. Hukohuko mwambie mumeo wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine, bila kuanza na makosa yake, hata kama ni mengi. Halafu Bi Mwanne, na wale wakwe wenzako, wote kwa pamoja, kwa sauti ya kusikika. Mwisho uende Cheyo kwa miguu yako. Usimtume mtu. Unaogopa talaka, nami siwezi kukuapia kwamba hatakuacha. Lakini mume unayembakiza kwa kumdanganya daktari wake utakuja kumpoteza kwa njia nyingine, na huko hakuna kurejeana.

Wewe fundi, kama gazeti hili limefika mezani kwako: msikiti uko hatua mia mbili. Iuze hiyo baiskeli.

BARUA YA PILI

Mpendwa Mama Eustadia,

Shikamoo. Simu yako imefika, lakini haikufika kwangu. Anuani ile ni sanduku la Silasi, naye aliichukua posta, akaona ni simu ya haraka, akampelekea mume wangu barazani. Nikaitwa. Namkuta Shomari amesimama, cherehani ameiacha, karatasi mkononi inatetemeka, jasho linamtiririka.

"Kweli gani hii?" akaniuliza. "Kweli yote ya nini?"

Niliisoma ile simu mkononi mwake, nikakimbilia sandukuni, nikaleta asali nikampa vijiko vitatu, anakataa nikamwambia meza, nitakueleza, meza. Akameza. Haikuchukua muda mrefu mikono ikatulia, na Bi Mwanne aliyekuwa anaangalia akabaki ameziba mdomo kwa kanga. Ndipo nikasema. Ulitaka nianze hospitalini, lakini mambo yaliniwahi, nikasema palepale, mbele ya mama yake, mbele ya Silasi, na mbele ya mteja aliyekuja kufuata suruali.

Nilitegemea atanipiga kwa mara ya kwanza. Badala yake akauliza, "Siku kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Na mimi nikasema mafuta yanalia?"

"Ulisema."

Akakaa. Bi Mwanne akaanza kunitolea maneno, Shomari akamwambia, "Mama, basi. Vidonge sikuwa navinywa. Mguu niliuficha. Huyu anayo yake na mimi ninayo yangu." Miaka kumi na sita, Mama Eustadia, ndiyo siku ya kwanza namwona amesikia jambo.

Hospitali tulikwenda siku ileile. Daktari alitugombeza sote wawili kama watoto, kisha akapunguza vidonge, jasho halijarudi. Kidonda kinafunga taratibu. Nisikudanganye, siku nne hakula chakula nilichopika, alikula kwa mama yake, na mpaka leo maji anajichotea mwenyewe mtungini. Simlaumu. Anakwenda msikitini kwa miguu, anarudi anahema, juzi ghalani ilikuwa kilo mia na nne, na safari hii mizani ya tumbaku inamjua binadamu.

Cheyo nimekwenda. Tulikwenda watatu, mimi, Shomari na Bi Mwanne, lakini niliomba niingie peke yangu kwanza. Mwanamkuu alikuwa anachagua dagaa, hakuinuka. Nikamweleza yote mpaka mwisho. Akaendelea kuchagua, halafu akasema, "Nilikuuliza, wifi. Nilikutazama machoni nikakuuliza."

Nikasema, "Uliniuliza."

"Kaka yangu nimemsamehe, alikuwa mgonjwa. Mama ni mama. Wewe sijui nikufanyeje. Nenda. Nimekusikia, lakini nenda."

Wao wawili wakaingia, akawapokea vizuri, akawapa maji. Mimi nikawangoja nje. Mtaani kwetu nimepita nyumba kwa nyumba nikisema kwamba soda haikuwa na sumu na kwamba kosa ni langu, wengine wamenicheka, wengine wameanza kumwita tena na dagaa zake. Anapita, anawauzia, mlango wetu anauruka. Je, nifanye nini zaidi? Au niache muda upite?

Mke wa Fundi.

MAMA EUSTADIA

Mwanangu, kwanza samahani kwa ile simu. Niliandika kwa haraka na sikufikiri itasomwa na nani. Ingeweza kukuletea makubwa.

Muda peke yake haufanyi kazi yoyote, msiwe mnausingizia. Mtu aliyeaibishwa mbele ya mtaa mzima ana haki ya kukasirika kwa kiasi chake, si kwa kiasi kinachokufaa wewe. Usimpelekee kanga, usimtumie wazee, usimwombe Shomari akusemee. Kila Ijumaa ukimaliza kazi zako nenda Cheyo, umsalimie, umsaidie kuchagua dagaa kama atakuacha. Akikwambia uende, uende. Ijumaa inayofuata urudi.